Muziki kwa mzee anayepoteza kumbukumbu

Mtu anayemlea mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu hupewa ushauri na kila anayekuja kumjulia hali: afunge mlango wa uani asije mzee akatoka usiku, ampikie chakula laini, amsomee dua, na zaidi ya yote avumilie. Ni nadra katika ushauri huo kusikia muziki ukitajwa, na ukitajwa huwa ni kitu cha kumpitishia mzee wakati mlezi anaposhughulika na kazi nyingine. Mimi ninamlea mama yangu mkubwa hapa Tanga, na malezi hayo yamenifanya nisadiki kwamba muziki ni miongoni mwa mambo machache yanayobaki kwa binadamu hata pale majina ya watoto wake yanapokuwa yamekwisha kumtoka. Nawaandikia walezi wenzangu ili wautumie kwa makusudi na kwa mpango.

Kwanza kabisa, mpelekeni mzee hospitali. Kusahau kunakomfanya mtu ashindwe kuvaa nguo au kuijua njia ya nyumbani kwake si sehemu ya kawaida ya uzee, wala si mkono wa mtu. Ni dalili ya ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na hali hiyo ya dimenshia, ambayo mara nyingi husababishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Yapo pia maradhi yanayofanana nayo ambayo hutibika, kama upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, au maambukizi ya njia ya mkojo ambayo kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa kwa ghafla. Muziki hauponyi lolote kati ya hayo, na yeyote anayekuuzia kanda za kurudisha kumbukumbu anakudanganya.

Unachoweza kufanya muziki ni kumfikia mtu mahali ambapo mazungumzo hayafiki. Wimbo uliozoeleka haukai katika sehemu moja tu ya ubongo, kwa sababu kuusikia, kuufuatisha kwa mwili, kuyatamka maneno yake na hisia zinazoambatana nao ni kazi za sehemu mbalimbali, na katika ugonjwa wa Alzheimer baadhi ya sehemu hizo huchelewa kuharibika. Wapo wanaoijua habari ya Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza ambaye mwaka 1985 virusi viliushambulia ubongo wake hata akawa hawezi kushika jambo jipya kwa zaidi ya nukta chache, lakini bado aliweza kupiga piano na kuongoza kwaya. Ugonjwa wake haukuwa huu wa wazee wetu, lakini unatuonyesha jinsi muziki unavyoweza kusimama wakati kumbukumbu nyingine zimeanguka. Vilevile, tangu miaka ya 1970 wataalamu wa usemi wamekuwa wakitumia uimbaji kuwasaidia watu waliopoteza usemi baada ya kiharusi, kwa kuwa baadhi yao hushindwa kutamka sentensi moja lakini huweza kuimba ubeti mzima.

Sasa nije kwetu. Mama mkubwa alikuwa msichana katika miaka ya 1960, Tanga ikiwa bado mji wa mkonge, na katika miaka hiyo na iliyofuata vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza gita na besi katika taarab na kuifanya iwe ya kuchezeka kuliko ile ya fidla na kanuni, ala ya nyuzi nyingi, iliyozoeleka Unguja. Hizo ndizo nyimbo za ujana wake, na nyimbo ambazo mtu alizisikia tangu utotoni hadi alipokuwa na miaka ishirini na kitu ndizo kwa kawaida humkaa kuliko zote. Ninapompigia, haanzi kwa kuimba. Mkono wa kulia huitafuta kwanza pembe ya kanga, vidole vikawa vinalifungua fundo ambalo halipo, pale ambapo wanawake wa rika lake walifunga pesa zao, na kiitikio kinapoingia huunyanyua mkono juu na kuuzungusha polepole, kama anavyofanya mtu anayekwenda kumtunza mwimbaji. Baada ya hapo ndipo maneno huja. Huja zaidi mwishoni mwa mishororo, kwenye vina, na nadhani sababu yake iko katika utungo wenyewe: nyingi kati ya nyimbo hizo ni beti za mishororo mitatu, kila mshororo una mizani nane kwa nane, na kina cha kwanza humdai msikilizaji kina cha pili. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi yake mwenyewe humaliza ya mshairi.

Kwa hiyo jambo la msingi ni kuzijua nyimbo zake, si zako. Waulizeni ndugu zake na mashoga zake walio hai mlikuwa mkienda kucheza wapi, redio ilikuwa ya nani, harusini mliimba nini. Msisahau kaswida za chuoni, tenzi za kanisani, nyimbo za ngoma na za kubembelezea watoto, kwa kuwa wapo wazee ambao hawakuwahi kuijali dansi wala taarab lakini utenzi mmoja wa Krismasi huwaamsha. Tafuteni pia rekodi ileile aliyoisikia zamani. Wimbo uleule uliopigwa upya kwa kinanda cha umeme mama mkubwa husikiliza kwa adabu tu, kama anavyomsikiliza mgeni.

Wakati nao una maana yake. Wazee wengi wenye ugonjwa huu huhangaika jua linapokuchwa, wakataka kwenda kwao hali wako kwao. Mimi huanza kupiga nyimbo kabla ya saa hiyo, taratibu, tukiwa tumekaa. Kuoga, ambako kwa walezi wengi ni vita, huwa kwepesi zaidi nikiimba mwenyewe, kwa sababu anapoitikia mwili wake hulegea na mkono wangu haumtishi. Usijali kama sauti yako si nzuri. Angalieni kwanza masikio, maana nta iliyoziba huweza kuharibu kila kitu, kisha muweke sauti ya wastani na mfunge televisheni. Redio iliyowashwa kutwa, pamoja na matangazo yake ya biashara na watangazaji wanaopiga kelele, humchosha mzee na kumchanganya.

Kuna nyimbo zinazoumiza. Wimbo mmoja wa harusi humliza mama mkubwa, na sijui amekumbuka nini, kwa kuwa waliokuwa wakijua hawapo tena. Siuzimi mara moja. Humshika mkono nikamtazama: kama machozi yanatoka huku akiendelea kuimba, humwacha alie, maana hata huzuni ni yake na ana haki nayo. Kama anajikunja, anasukuma au anaita watu, huuzima na kuubadilisha, na wimbo huo nikauweka kando.

Katika baadhi ya familia kutazuka swali la dini: je, inafaa kumpigia taarab mzee aliyekuwa akisali swala tano na pengine aliyekwisha kuacha mambo hayo? Nionavyo, tufuate alivyochagua mwenyewe alipokuwa na akili zake timamu. Kama aliziacha nyimbo hizo kwa hiari yake, mheshimuni, mumsomee maulidi na kaswida ambazo nazo zina mahadhi na kumbukumbu zake. Kama aliendelea kuzipenda mpaka ugonjwa ulipomkuta, asitokee mpwa wala mkwe akamnyang'anya.

Wale ambao wazee wao bado wana kumbukumbu nzuri wasingoje. Kaeni nao, waimbieni nusu ya ubeti muone kama wataimalizia, warekodini kwa simu, na kila wimbo muandike aliusikia wapi na alikuwa na nani. Wekeni nakala kwa ndugu zaidi ya mmoja, kwa kuwa simu hupotea. Orodha hiyo apewe dada anayesaidia nyumbani, na mzee akilazwa iende pamoja naye wodini ikiwa na spika ndogo, akabidhiwe muuguzi wa zamu na kuelezwa ni wimbo upi wa kumtuliza na ni upi usipigwe.