Fedha za duka langu zimezuiliwa: nifanye nini?

SWALI

Ndugu Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Ninashona nguo na mifuko ya vitenge nyumbani kwangu, komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na tangu mwaka jana ninaviuza kwa njia ya intaneti. Wateja wangu wengi ni ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji na Ufaransa. Wao hulipa kwa kadi kupitia kampuni ya malipo, nami huwatumia vifurushi kwa mikono ya wasafiri wanaopanda ndege. Mwezi uliopita nilipata oda nyingi za harusi, na ghafla kampuni hiyo ikazuia dola 1,340, ikisema akaunti yangu inahakikiwa. Nimewatumia picha ya kadi yangu ya mpiga kura mara nne, bila mafanikio. Shemeji yangu aliyeko Brussels ananishauri nifungue akaunti nyingine kwa jina lake. Je, fedha zangu zimepotea?

Mama mshonaji, Katuba

JIBU

Mama, pole sana. Fedha zilizozuiliwa bado ni zako hata kama huwezi kuzigusa, na kwa maelezo uliyoyatoa sioni sababu ya wewe kuzikosa. Kinachonitia hofu ni ushauri wa shemeji, nami nitaufikia hapa chini.

Barua za kampuni hizi huchanganya mambo mawili ambayo ni lazima uyatenganishe. La kwanza ni uhakiki: wanataka kujua wewe ni nani, unaishi wapi, na akaunti ya benki inayopokea fedha ni ya nani. La pili ni zuio lenyewe, ambalo hutokana na hofu kwamba mteja atadai kurudishiwa fedha zake. Mteja aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake, mara nyingi ndani ya siku 120, na akishinda, kampuni ya malipo hutoa fedha kwanza ndipo ije kukudai wewe. Kwa hiyo muuzaji mpya ambaye mauzo yake yamepanda ghafla hushikiliwa fedha mpaka hofu hiyo ipungue. PayPal, kwa mfano, huweza kuzishikilia hadi siku 21 kwa muuzaji mpya, na hadi siku 180 akaunti ikiwekewa vikwazo. Kadi ya mpiga kura, hata ukiituma mara kumi, hujibu jambo la kwanza peke yake.

Na hata katika hilo la kwanza, nadhani najua ulipokwama. Sisi Wakongo tuna jina, postinomu (jina la pili linalofuata lile la kwanza) na jina la ubatizo, ilhali fomu za ng'ambo huwa na nafasi mbili tu za majina. Siku ya kufungua akaunti, mtu huandika jina la ubatizo na jina. Benki yake imeandika jina na postinomu. Kadi ya mpiga kura inayo yote matatu. Na duka limepewa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Kwetu huyo ni mama mmoja tu anayejulikana, lakini programu inayolinganisha herufi kwa herufi huona watu watatu au wanne. Chagua hati moja iwe msingi, ikiwezekana pasipoti, kwa kuwa kampuni nyingi za nje huisoma kwa urahisi zaidi. Andika majina katika akaunti yako kama yalivyo kwenye hati hiyo, kisha uiombe benki karatasi ya RIB, yaani ya utambulisho wa akaunti, yenye majina yote matatu na namba ya akaunti. Anwani nayo iwe ileile kila mahali: avenyu, namba, kartie, komini. Ikiwa bili ya umeme ya SNEL ina jina la mwenye nyumba, usiitume. Nenda ofisi ya komini ukaombe hati ya makazi kwa jina lako.

Wanaweza pia kukuuliza fedha zinatoka wapi. Usilichukue swali hilo kama tusi. Mnamo Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa na GAFI, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na jambo hilo huongeza maswali kwa kila Mkongo anayepokea malipo kutoka nje. Namba ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara, inayopatikana kwenye Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, husaidia sana hapo, na sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, zinazotumika kwetu tangu 2012, zina hata hadhi nyepesi kwa mfanyabiashara mdogo, ambaye hutoa tamko tu bila kuandikishwa rasmi.

Sasa nije kwenye vifurushi, maana hapa ndipo penye kiini cha zuio. Msafiri anayebeba mfuko wako hadi Brussels anaweza kuwa mwaminifu kuliko shirika lolote, lakini hakuachii namba ya ufuatiliaji, na machoni pa kampuni ya malipo mzigo usio na namba ni mzigo ambao haukutumwa. Kwa oda zilizokwisha kufika, mwombe kila mteja akuandikie kwamba amepokea, akitaja tarehe, tena akuandikie kupitia duka lenyewe na si kwa simu. Kwa oda zijazo, tumia msafirishaji anayetoa namba, ingawa ni ghali, na gharama hiyo uiweke wazi katika bei. Hakikisha vilevile kwamba jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja ni jina la duka analolijua, kwa sababu wapo wanaopinga malipo kwa kutolitambua jina tu.

Kuhusu shemeji: mshukuru, lakini ukatae. Akaunti ya pili kwa jina la mtu mwingine, yenye bidhaa zilezile na picha zilezile, hutambuliwa upesi, na hapo zuio la muda linaweza kugeuka kufungwa kabisa kwa akaunti zote mbili. Vivyo hivyo umkatae anayejitokeza kwenye WhatsApp akiahidi kuiondolea zuio akaunti yako kwa malipo, na usimpe mtu yeyote msimbo unaoingia kwenye simu yako.

Andika barua moja, katika mazungumzo yaleyale uliyoyafungua mwanzo, ukiambatanisha hati zote pamoja na orodha ya oda, tarehe za kutuma na uthibitisho wa kupokea. Ueleze wazi kwamba mauzo yalipanda kwa sababu ya harusi. Kisha uulize mambo mawili: ni hati gani bado inakosekana, na fedha zitaachiwa tarehe gani. Wakati unasubiri, wateja wa hapa Lubumbashi wakulipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, upate fedha za kununulia vitenge. Na yule ambaye oda yake imekwama kwa kukosa fedha hizo, mwandikie leo, kabla hajaiendea benki yake.