Prado ya yadi: anza chini

Unayeuliza ukague vipi Toyota Prado iliyotumika kutoka Japani, iliyo yadi ya magari ya Ngong Road, Nairobi: rangi isikuzuzue, lala chini uangalie chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari). Kule kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara humwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na kutu huanzia kwenye viungio na mabomba ya breki. Gonga kwa bisibisi. Ukikuta rangi nyeusi mbichi chini nzima, uliza inaficha nini.

Kisha iendeshe. Jaribu 4L (gia nzito ya magurudumu manne) na kufuli ya difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye murram, si lami kavu, maana difu hiyo ikifungwa magurudumu hayana pa kuteleza na mfumo mzima hujikaza. Taa ya 4L au ya kufuli hiyo kwenye dashibodi ikipepesa bila kutulia, haijaingia. Kata kona kali pia. Tak-tak-tak ya mbele ni ekseli imechoka, na hiyo si hela kidogo. Matairi yote yawe saizi moja.

Maileji bila karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani ni hadithi tu. Kama ina logibuku (hati ya umiliki), hakikisha mmiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama bado ina nambari za KD (za muuzaji, gari halijasajiliwa), linganisha nambari ya chesisi na ile ya cheti cha Japani cha kuuza gari nje. Na nenda na fundi wako, si wa yadi.