Mkuu, usiichomelee hiyo shiti kwenye fremu, subiri kwanza

Weka mashine chini mkuu. Nimesoma posti yako kwamba unatengeneza meza ya kuchomelea, una shiti ya chuma ya milimita 3, sentimita 120 kwa 80, na kesho unaipandisha juu ya fremu ya engo (vile vyuma vya umbo la L) uichomelee mzunguko mzima "isicheze", nikajikuta nashika kichwa peke yangu, maana hayo maneno niliyasema mimi miaka mitatu iliyopita, nimesimama mbele ya fremu kama hiyo hiyo, tena kwa majivuno.

Mimi niliponzwa na video. Kuna jamaa ana glavu safi (fundi gani ana glavu safi jamani), anasema uso wa meza na fremu lazima viwe kitu kimoja, ukiacha hata upenyo mdogo meza itacheza. Akapiga mstari mrefu pande zote nne, akagonga na nyundo mara mbili, video ikaisha. Ikaisha! Hakuweka rula ya chuma juu ya ile meza hata sekunde moja. Mpaka leo sura yake ikijitokeza kwenye simu naifunika kwa kidole gumba.

Basi nikafuata kama mwanafunzi mtiifu. Nimechoma upande wa kwanza, wa pili, fimbo ya kuchomelea juu ya fimbo bila kupumzika maana nilitaka mstari usikatike. Nilipomaliza ilionekana imenyooka, nikaipiga na picha. Nikaenda kunywa maji, nimekaa kidogo nikasikia "kwop!" kule karakana. Nikadhani kuna kitu kimeanguka. Narudi, hakuna kilichoanguka, ila katikati ya meza pamebonyea. Nikapitisha mkono kwa chini nikasukuma, kwop, pakainuka. Nikabonyeza juu, kwop, pakashuka. Yaani nilikuwa nimetengeneza mfuniko wa debe wenye miguu minne. Nikachukua gololi ya bearing nikaiweka kwenye kona, ikajiendea yenyewe taratibu mpaka katikati ikatulia. Nikajaribu kona ya pili, hivyo hivyo. Mwanangu aliona ni mchezo mzuri sana, akataka turudie.

Sababu yake nimekuja kuielewa baadaye, hasara ikiwa imeshaingia. Mchomeleo ukipoa unasinyaa. Ukizungusha mstari mzima kingo zote nne zinafupika, lakini katikati hapajafupika, kwa hiyo pale kati chuma ni kikubwa kuliko nafasi yake, sasa kiende wapi? Kinatokea juu au kinazama chini. Na shiti nyembamba haina ubavu wa kubisha. Chuma ukikiongezea unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda unapanda mara 8, siyo mara 2, ndo maana milimita 3 na milimita 6 siyo ndugu hata kama zimelazwa pamoja.

Ningeachia hapo ningekuwa nimepoteza shiti tu. Tatizo mimi mbishi. Nikasema hii haijashikwa vizuri katikati, nikageuza meza nikachomelea flatibaa (vyuma bapa virefu) tatu kwa chini. Kila flatibaa ikavuta njia yake, nikaigeuza tena nakuta badala ya bonde moja nina matatu. Kama ningekuwa nalima mpunga ningefurahi.

Na bado nikaifanyia kazi!! Nikapokea mlango wa chuma wa jirani. Nikabana fremu juu ya ile meza, nikapima kona kwa kona, mishazari yote miwili sawa kwa milimita, nikajisifu sana. Kumbe mishazari inakwambia kona zimekaa skwea, haikwambii kama fremu imejipinda kama jani kavu. Ikibanwa kwenye meza iliyopinda inafuata meza, ukimaliza kuchomelea ukafungua klempu ndo imeganda hivyo hivyo. Siku ya kufunga, mlango ukakaa kwenye bawaba, juu umegusa vizuri, chini umetoka nje upana wa kidole. Ukiusukuma chini uingie, juu unatoka. Jirani hakusema kitu, alisimama tu anautazama, bora angenitukana. Niliurudia wote kwa chuma changu, kwa hiyo ukihesabu shiti, flatibaa, fimbo, na mlango wa pili, ile meza ya "kubana matumizi" ndo kitu ghali kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Halafu kuibandua sasa. Kwa vile nilichoma mzunguko mzima, nilishinda na grainda siku nzima nakata mstari wangu mwenyewe ambao nilikuwa nimeupiga picha. Ilipotoka nikakuta na fremu nayo imevutwa, mguu mmoja unaelea hewani.

Kwa hiyo sikiliza: uso wa meza unafungwa kwa BOLTI. Hauchomelewi. Chukua plati ya milimita 10 kama mfuko unaruhusu, kwa karakana ya nyumbani 6 inatosha, chini ya hapo usiniulize. Kwa saizi yako milimita 10 ni kama kilo 75, milimita 6 ni kama kilo 45, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia kunyanyua. Choma fremu peke yake kwanza, iache ipoe kabisa, ndo uje uweke plati. Toboa, tumia bolti za kichwa bapa, shimo lipanuliwe kwa juu kichwa kizame kisije kikakwama na kazi zako. Kabla hujakaza weka rula ndefu, angalia mwanga unapita wapi chini yake, pale penye pengo kati ya fremu na plati tia vipande vya bati jembamba mpaka plati ilale bila kulazimishwa, maana bolti nayo ukiikaza juu ya pengo itavuta plati. Yangu ina bolti 6 tu, wala haichezi. Uso ukichakaa kwa matone ya chuma na makovu ya grainda, fungua bolti, panua yale mashimo kwa upande wa pili, geuza, una meza mpya. Jamaa wa glavu safi yake haigeuki.

Hapo ulipouliza uchukue plati nyeusi (chuma kitupu) au ya galvanaizi (iliyopakwa zinki), nyeusi bila kufikiria. Zinki inachemka kwenye nyuzi kama 907 wakati chuma kinayeyuka karibu na 1500, maana yake kabla chuma hakijayeyuka zinki pale unapochoma imeshakuwa moshi uko puani kwako, na usiku unatetemeka kwa homa unadhani ni malaria. Ukiwa unagusisha kazi kwenye meza kila siku unajitafutia nini? Na huyo aliyekujibu hapo juu anayekwambia ununue stenlesi (chuma kisichoshika kutu), stenlesi ukiipasha inatanuka kuliko chuma cha kawaida na joto haliisambazi vizuri, inapinda zaidi ya hii yako. Atanunua yeye?

Ulitaja na magurudumu na kimo cha meza kama sikosei, na kitu kingine sikumbuki ni nini, wadau watakujibu hayo. Mimi nataka kujua kitu kimoja: hiyo shiti umeshaikata? Kama bado nzima, irudishe kesho asubuhi kabla hujafungua mashine, ongezea hela uchukue ya 6.