Usimjazie mtu malengo yake

Zifute hizo fomu kabla hujakutana na yeyote. Umesema una vijana kumi na wawili unaotaka kuwasaidia kupanga maisha, unauliza vikao viwe vingapi, utoze kiasi gani, na kama fomu zako zinatosha. Fomu ambazo umeshawajazia malengo ya miaka mitano "kwa sababu wengi hawajui wanachotaka". Nilipofika hapo mwili ulinisisimka. Maneno hayo hayo nilikuwa nayasema mimi.

Mteja wangu wa tatu tangu nianze ukocha wa maisha, kazi ya kumsaidia mtu apange malengo yake, alikuwa mhasibu, mama wa watoto wawili. Kikao cha kwanza aliongea kama dakika kumi, akanyamaza, akawa anaangalia mikono yake. Ule ukimya ulinitisha. Nikachukua kalamu nikamwandikia: kuacha ajira ndani ya mwaka, kufungua ofisi ya ushauri wa kodi, kuajiri watu wawili. Linapimika, lina tarehe. Akaitikia kwa kichwa, akatia saini. Kwa miezi kumi na moja hakuruka hatua hata moja. Kazi akaacha, ofisi akafungua. Siku ya tathmini akafungua daftari akaanza kusoma: "Lile lengo ulilonipa..." Nikamkatiza, lengo lipi? Akasema, "Si hili lako." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Kumbe siku ile aliponyamaza alikuwa anatafuta namna ya kusema kwamba anataka kupunguza saa za kazi amuuguze baba yake. Baba alikuwa ameshafariki, katikati ya harakati za kufungua ofisi. Hilo siwezi kumrudishia.

Aliyenifundisha ukocha alitukaririsha kwamba mteja ni gari lisilo na dereva. Akatutajia utafiti wa wahitimu wa 1953 wa Yale, chuo kikuu cha Marekani, eti asilimia 3 walioandika malengo walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote kwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika, Yale wenyewe wamekanusha. Mtu analipwa kufundisha, halafu hata kuhakiki hakuhakiki! Na ile SMART aliyotupa kama amri, herufi tano za Kiingereza zinazotaja sifa za lengo zuri, George Doran aliiandika 1981 kwa ajili ya mameneja, na herufi A kwake ilihusu nani atapewa kazi hiyo. Ofisini sawa, bosi anagawa kazi. Maisha ya mtu anayagawa nani?

Kwa hiyo shika hili moja: kalamu isiwe mkononi mwako. Mpe karatasi tupu na muda. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kama dakika tano zitakuwa ndefu kama saa. Akianza kuandika "inabidi" na "natakiwa", muulize ni nani anayemtaka afanye hivyo, halafu ngoja tena. Akikuomba umtajie lengo, usimtajie. Muulize wiki iliyopita ni saa ipi alisahau kuangalia simu. Hapo ndipo wengi huanza kuongea.

Na kikao kikiisha bila lengo lolote, kiache kiishe. Nina mteja aliyerudi wiki tatu mfululizo na karatasi nyeupe. Ya nne aliandika mstari mmoja, akaufunika kwa kiganja, akaniuliza kama ni lazima niusome. Nikamwambia hapana. Akaikunja, akaondoka nayo.