Kujua walijua, nafasi ndiyo haikuwepo

Ndugu, umeuliza kwa nini Wakenya hawakuweka umbali wakati wa korona, ilhali redio zilikuwa zikihubiri kutwa kucha. Sikubali kwamba ulikuwa ukaidi mtupu.

Kumbuka kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 27 Machi 2020, siku kafyu ilipoanza. Amri ilikuwa kila mtu awe nyumbani kufikia saa moja jioni. Basi watu wakatoka kazini kwa pamoja, wakafurika kwenye njia ileile ya kwenda feri, maana wa miguu hakuwa na pengine pa kuvukia. Polisi wakawashukia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Watu wakazidi kubanana, wanakohoa, macho yanawawasha. Amri ya kuwatenganisha ndiyo iliyowarundika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Matatu nazo: ya viti 14 iliambiwa ibebe abiria 8, nauli ikapanda. Anayeishi kwa kibarua cha siku angefanyaje?

Wenye dharau walikuwepo, waliodhani ni ugonjwa wa wazee au wa wageni. Lakini pale lilipowezekana, watu walitii. Misikiti na makanisa yalifungwa, watu wakasali nyumbani, na hata vibanda vidogo vya mtaani viliweka ndoo ya maji yenye mfereji, na sabuni juu yake.