Kitabu hakipandi: maswali yenu kuhusu sonona na masomo

Niko kidato cha nne, nakaa bweni. Nasoma ukurasa mmoja hata mara tano, nikifunga daftari sikumbuki kitu. Tangu Juni silali vizuri, na netiboli niliyoipenda sina hamu nayo tena. Akili yangu imepungua?

Haijapungua. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression), huvuruga umakini. Jambo haliwezi kukaa kichwani kama hukulizingatia, na kichwa chako muda wote kinasikiliza "nitafeli, nitawaaibisha nyumbani". Hujasahau ulichosoma, hakikuingia. Usingizi nao una sehemu yake, maana ubongo huimarisha kumbukumbu tukiwa tumelala. Kwa hiyo ule ujanja wa bwenini wa kukesha na miguu ndani ya beseni la maji baridi utakuumiza zaidi.

Kuwa na huzuni siku mbili tatu baada ya moku, mtihani wa majaribio, ni kawaida. Wataalamu huanza kufikiria sonona hali ikidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku. Ya kwako imeshapita hapo. Mweleze matroni au mwalimu wa ushauri na unasihi, akupeleke hospitali. Wakupime na damu pia, kwa sababu upungufu wa damu huchosha mtu vilevile.

Mwanangu ana miaka 15. Alikuwa wa tatu darasani, sasa yuko mkiani. Mpira kaacha, akiguswa anafoka. Nimemnyang'anya simu na kumwongezea tuisheni, wapi! Ni uvivu?

Mama, mvivu hukimbia daftari akaenda uwanjani. Huyu uwanja wenyewe kaukimbia. Kwa vijana sonona mara nyingi huja na hasira kuliko machozi, ndiyo maana wengi huishia kuchapwa. Tuisheni isimamishe kwanza. Kaa naye, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua; kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ukikwama, namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Nina sapu (mitihani ya marudio) nne, naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Nikisema chuoni naumwa sonona, si nitaitwa kichaa?

Wapo watakaokuita. Sema hata hivyo, na useme kabla ya mitihani, kwa sababu cheti cha daktari kinachokuja baada ya matokeo huonekana kisingizio. Vyuo vingi huruhusu kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya. Anzia kwa mshauri wa wanafunzi, na uulize mapema mkopo wako utakuwaje.

Dawa zitanifanya teja?

Hapana, dawa za sonona hazileweshi. Kero yake ni kwamba kichefuchefu huja siku za mwanzo, nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na katikati hapo ndipo wengi huzitupa. Usiziache ghafla bila daktari. Umakini unaweza kuchelewa kurudi hata huzuni ikishapungua, kwa hiyo usizipime kwa jaribio la wiki ijayo.