Mhazini asiyeiona sadaka: je, kudai hesabu ni kumgusa mtiwa mafuta?

SWALI: Shalom mwalimu. Mimi ni mhazini wa kanisa letu la mtaani, mwaka wa pili sasa. Ibada ikiisha, kikapu cha sadaka hupelekwa moja kwa moja nyumbani kwa mchungaji, na zaka za simu huingia kwenye namba yake binafsi. Mimi huletewa karatasi yenye jumla tu. Nilipoomba tuhesabu watu wawili kanisani, Jumapili iliyofuata alihubiri kwamba anayedai hesabu anamgusa mtiwa mafuta wa Bwana. Sasa natakiwa kusaini taarifa ya mwaka. Mchungaji huyu ndiye aliyenilea kiroho na kunifungisha ndoa. Je, nimetenda dhambi? Nijiuzulu?

JIBU: Dada yangu katika Bwana, hujatenda dhambi kuuliza. Utatenda dhambi ukisaini. Sahihi ya mhazini ni ushuhuda kwamba fedha aliziona na kuzihesabu, na wewe hukuziona.

Najua uzito wa kusimama mbele ya mtu aliyekulea kiroho, kwa hiyo nianze na fundisho lililokutisha, maana linatisha wengi. Zaburi 105:15 inasema masihi wa Bwana, yaani watiwa mafuta wake, wasiguswe. Soma kuanzia mstari wa 9: wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wakitangatanga kati ya mataifa, na wanaoonywa ni wafalme wenye nguvu za kuwadhuru. Mhazini mwenye daftari hayumo. Hata Daudi, aliyekataa kumwua Sauli kwa sababu ni masihi wa Bwana, alimwita hadharani na kumwonyesha upindo wa vazi alioukata (1 Samweli 24). Tena Samweli, katika 1 Samweli 12:3, alisimama mbele ya Israeli yote na mbele ya huyo masihi, akawataka watu waseme alichukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, rushwa kwa nani. Hakungoja kuulizwa. Mtumishi anayemtaja Samweli madhabahuni kila wiki aanzie hapo.

Wapo wenye hoja nzito zaidi, nayo sharti ijibiwe. Husema 2 Wafalme 12:15 inaeleza kwamba wasimamizi wa ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli, mstari upo. Lakini rudi nyuma kidogo. Fedha zilikuwa mikononi mwa makuhani, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, akaliweka karibu na madhabahu. Na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja na kufunga fedha mifukoni. Uaminifu wa mstari wa 15 unakuja baada ya kasha lenye tundu na macho ya watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti. Anayetaka mstari wa 15 akubali na wa 10.

Paulo naye, mtume, hakubeba peke yake mchango uliokwenda Yerusalemu. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mambo yawe mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu (2 Wakorintho 8:18–22). Ule mkono wa kushoto usiojua wa kuume ufanyacho (Mathayo 6:3) ni habari ya mtoaji, si ya mpokeaji.

Lakini usimwite mchungaji wako mwizi. Huna ushahidi, na 1 Timotheo 5:19 inakataza mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Unachopinga ni utaratibu mbovu, ambao hata mtu safi hawezi kujitetea ndani yake.

Nenda kwake faraghani ukiwa na pendekezo la ukurasa mmoja. Sadaka ihesabiwe kanisani kabla mtu yeyote hajaondoka nayo, na watu wawili wasio ndugu wala mume na mke, wakibadilishwa kwa zamu. Fomu ionyeshe noti za 10,000 ni ngapi, za 5,000 ngapi, hadi sarafu; jumla tupu haitoshi, kwa sababu haimwonyeshi mtu kosa lilipo. Zaka, sadaka ya kawaida na ujenzi ziwe na mistari yake. Bahasha ifunguliwe mbele ya wote wawili, na kiasi kilichoandikwa nje kilinganishwe na kilichomo. Wote wasaini, nakala moja kwako, moja kwa katibu, moja ifuatane na fedha.

Kesho yake fedha zote ziende benki, zote kabisa. Hapa ndipo makanisa mengi huharibikia: mtu hutoa ya mafuta ya jenereta, mwingine nauli ya mhubiri mgeni, kinachobaki ndicho kinachopelekwa. Tangu hapo hati ya benki hailingani tena na fomu, na hakuna mkaguzi atakayejua kama pengo ni jenereta au ni mfuko wa mtu. Tengeni fedha ndogo ndogo, tuseme shilingi 100,000, zijazwe tena kwa risiti tu. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, wawili wakitosha, na mchungaji na mkewe wasiwe hao wawili. Hundi isisainiwe ikiwa tupu. Zaka za simu ziingie kwenye lipa namba ya jina la kanisa.

Sasa neno ambalo wazee wenu hawatalipenda. Je, mmewahi kumwandikia mchungaji posho? Makanisa mengi humwambia mtumishi aishi kwa imani, kisha humshangaa akiishi kwa kikapu. Waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili (1 Wakorintho 9:14). Kwa hiyo wazee wakae, wapange kiasi, pamoja na kodi ya nyumba na matibabu, kiandikwe kwenye muhtasari na kilipwe tarehe moja kila mwezi, hata kama ni kidogo. Liweke hilo juu kabisa katika pendekezo lako. Huenda anachokilinda ni chakula cha watoto wake, wala si siri.

Akikataa, rudi na wazee wawili. Akikataa tena, peleka kwa askofu au uongozi wa juu wa dhehebu lenu, kwa maandishi. Usiweke neno lolote kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Usijiuzulu kabla ya hatua hizo. Zikishindikana, ondoka kwa hati ya makabidhiano inayotaja vitabu ulivyopokea, tarehe, na kwamba fedha za ibada hazikupita mikononi mwako. Mpokeaji asaini, nawe ubaki na nakala. Taarifa ya mwaka iache bila sahihi yako.